Jinsi ya Kujipaka Mafuta na Kuambulia Patupu

Mgeni wa soriasisi hatambuliki kwa magamba yake. Anatambulika kwa kopo lake la mafuta: dogo, la duara, lina picha ya ua mfunikoni, na bado limejaa ingawa alilinunua mwezi uliopita. Mwenyeji ana ndoo. Mfuniko wake umepasuka, ndani yake mna kijiko cha chai, na mafuta yenyewe hayana harufu wala jina la kuringia.

Mwongozo huu ni wa mgeni. Umekusanya kwa uaminifu ushauri anaopewa mtu tangu siku mabaka ya kwanza yanapojitokeza kwenye viwiko na magoti: ushauri wa nyumbani, wa kwenye daladala, wa saluni na wa duka la dawa. Ukiufuata wote bila kuruka kitu, nakuhakikishia hutapata nafuu. Anayetaka kinyume chake na afanye kinyume chake, sitamzuia.

Kwanza kabisa, usijue una nini. Hatua hii ni rahisi kuliko zote kwa sababu mtaa mzima utakusaidia. Baka la mviringo lenye ukingo ulio wazi litaitwa choa, au fangasi. Likiwa kichwani litaitwa mapunye, au mba. Likiwasha sana, ni pumu ya ngozi. Bibi wa jirani atanong'ona kwamba ni ukoma, kisha atasogeza kiti chake. (Ferdinand von Hebra, daktari wa Vienna, aliutenganisha ukoma na soriasisi mwaka 1841. Habari hizo bado ziko njiani.) Rangi ya ngozi yetu nayo inachangia. Vitabu vingi vya tiba vimejaa picha za mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe, wakati kwetu baka huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea, kwa hiyo hata mhudumu aliyesoma anaweza kulitazama akaona kitu kingine.

Ukishajua una nini, umeharibu mchezo. Utajua kwamba hukuambukizwa na mtu na huwezi kumwambukiza mtu. Baraza la Afya Duniani lililitamka hilo katika azimio lake la mwaka 2014, ambapo liliutaja ugonjwa huu kuwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu, na usio na dawa ya kuumaliza kabisa. Utajua kwamba ni kinga ya mwili iliyojichanganya ndiyo inayoiharakisha ngozi. Seli ambazo kwa kawaida huchukua takribani mwezi mzima kupanda kutoka chini hadi juu na kupukutika, kwa mwenye soriasisi hupanda kwa siku 3 hadi 7. Zinafika juu zikiwa bado changa, hazijui kuachiana, zinarundikana, na mrundikano huo ndio magamba. Hapo utaelewa kwamba mafuta hayagusi chanzo cha ugonjwa. Kazi yake ni ndogo na haina sifa: kuzuia maji yasipotee kwenye ngozi, kulainisha magamba, kuzuia mipasuko, kupunguza muwasho, na kuifungulia njia dawa yenyewe ili ipenye. Ni kazi ya kila siku, ugonjwa ukiwa umeamka au umelala. Mtu aliyeelewa hayo ni vigumu kumpoteza.

Tuseme basi hujaelewa. Nenda duka la dawa jioni, wakati watu wamejaa, na usikunje mkono wa shati zaidi ya inavyohitajika.

“Dada, nina fangasi sugu. Nipe kitu chenye nguvu.”

Muuzaji hatauliza imekaa muda gani wala kama iko na sehemu nyingine. Atainama nyuma ya kioo na kuibuka na tyubu ndogo, ya gramu 15 au 30, ambayo ndani yake vimechanganywa dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali, mara nyingi klobetasoli. “Paka hii kaka, utanikumbuka.”

Na kweli utamkumbuka, kwa sababu itafanya kazi. Ndani ya siku chache magamba yanapungua, muwasho unatulia, unalala usiku kucha. Unaitangaza tyubu kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Unarudi kununua nyingine, kisha nyingine, na kwa kuwa imekuwa rafiki unaanza kujipaka mwili mzima asubuhi na jioni. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi za kupaka zenye nguvu kuliko zote. Maelekezo yake yana mipaka: isizidi gramu 50 kwa wiki, isipite wiki 2 mfululizo bila daktari kukuona tena, isipakwe usoni, kwapani wala kwenye kinena. Mipaka hiyo imechapwa kwa herufi ndogo kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ambayo watu huitupa wakiwa bado mlangoni mwa duka.

Miezi ikipita, ngozi inakuwa nyembamba, vijishipa vinaonekana, michirizi inatokea mapajani, na michirizi hiyo haifutiki. Ukichoka ukaacha ghafla, ugonjwa unarudi ukiwa mkali kuliko ulivyoondoka. Kwa wachache unarudi na vipele vya usaha vilivyotapakaa mwilini pamoja na homa, na huyo ni mgonjwa wa kulazwa. Vidonge na sindano za steroidi, ile sindano ambayo watu huiita ya aleji, zinaweza kuleta balaa hilohilo zikikatishwa. Ndiyo maana madaktari wa ngozi huziogopa kwa mwenye soriasisi, na ndiyo maana mwongozo huu unakushauri usimwambie daktari yeyote kwamba uliwahi kuchomwa.

Mabaka yakipoa huacha alama, nyeusi zaidi au nyeupe zaidi ya ngozi ya kando, na alama hizo huchukua miezi kufifia. Kipindi hicho ndicho cha mkorogo. Dada wa saluni atakuchanganyia kwenye kopo lisilo na lebo, na hutajua kama mna haidrokwinoni, zebaki, steroidi, au vyote kwa pamoja. Soriasisi inaweza hata kupungua kwa muda, maana steroidi haibadiliki tabia kwa kuwekwa kwenye kopo la saluni. Kisha soma tena aya iliyotangulia.

Sasa kanuni kuu, ambayo ukisahau mengine yote hii isikutoke: mafuta yapake kama dawa, na dawa ipake kama mafuta. Wageni wengi huifuata bila hata kufundishwa. Dawa ya steroidi ina kipimo chake, nacho ni kidole: mstari uliokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza ni kama nusu gramu, na nusu gramu inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mafuta ya kulainisha hayapimwi hivyo. Mtu mzima mwenye mabaka yaliyotapakaa anahitaji robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki. Kwa wiki, si kwa mwaka. Lile kopo la gramu 50 lenye picha ya ua halimalizi siku ya pili.

Ndiyo maana napingana na wanaomshauri mgonjwa anunue mafuta ya bei kubwa kwa sababu “ngozi yako ni nyeti”. Mafuta ya bei kubwa hupakwa kwa uchoyo. Mtu anachovya kwa ncha ya kidole, anafikiria bei, anarudisha nusu. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanayouzwa kila duka kuanzia Kariakoo hadi Kigoma, hayafanyi kazi mbaya zaidi kwa sababu ya unyonge wake. Asili yake ni nta iliyokuwa ikiwaudhi wachimbaji wa mafuta ya petroli huko Pennsylvania kwa kugandia mitamboni, nao wakawa wanajipaka kwenye majeraha. Robert Chesebrough, mkemia wa Marekani, akaisafisha na kuipatia hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Kenya kuna watu wazima wenye kazi zao nzuri wanaojipaka Arimis, mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, na hawaoni haya. Kaskazini mwa Uganda wana mafuta ya shea, ya mti unaoota wenyewe kule. Pwani tuna nazi. Yote haya yanafaa kwa ngozi iliyokauka, mradi hayakuongezwa manukato na mradi yanapakwa.

Tofauti ya kweli iko kwenye maji. Losheni ina maji mengi, inapendeza, inanyonywa haraka na kukauka haraka. Krimu iko katikati. Mafuta mazito hayana maji, au yana kidogo sana. Yanakaa juu ya ngozi na kuziba, na kwa kuwa maji hayamo, hayahitaji kemikali nyingi za kuyahifadhi zinazoweza kuichokoza ngozi. Mafuta mazito hushinda kwa nguvu na hushindwa kwa tabia. Jipake mgando mwili mzima saa moja asubuhi Dar es Salaam mwezi wa Januari, kisha ingia kwenye daladala ya Mbagala, ndipo utajua kwa nini watu huacha. Rai yangu ni krimu mchana, mgando usiku, na wakati wa kipupwe kule Njombe na Makete mgando saa zote. Mgeni kwa upande wake achague kitu kimoja, akichukie, na aache baada ya wiki.

Tuingie bafuni. Maji yawe ya moto, ya kuunguza kidogo, kwa sababu yanatuliza muwasho. Yanautuliza kweli, kisha ngozi iliyovuliwa mafuta yake ya asili inawasha maradufu. Chukua sabuni ya mche, ile ya kufulia, na dodoki jipya ambalo bado halijalainika. Mwalimu wa somo hili ni shangazi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu lete hicho kiwiko. Mh! Wewe huogi vizuri. Hiyo ni ya kusugua na jiwe mpaka itoke yote, kisha unapaka limau.”

“Linachoma, shangazi.”

“Likichoma ndiyo linafanya kazi.”

Shangazi anasema kwa upendo, na hakuna wa kumbishia mbele ya watu. Lakini katika miaka ya 1870 daktari mmoja wa Breslau, Heinrich Köbner, alieleza jambo ambalo hadi leo lina jina lake: ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, baka jipya linaweza kuota palepale kwenye jeraha, mara nyingi siku 10 hadi 20 baadaye. Kwa mgonjwa wake mmoja liliota pale alipoumwa na farasi. Kwa hiyo jiwe la kusugulia, kucha, limau, kitunguu saumu kibichi kilichopondwa, chale za mganga, hata nywele zilizosukwa kwa kubana mpaka macho yanavutika, vyote hivyo vinaweza kuleta mabaka mapya. Na kwa kuwa baka linachelewa, hakuna atakayelihusisha na shangazi.

Magamba hayang'olewi, yanalainishwa. Mafuta mengi usiku, maji ya uvuguvugu asubuhi, na yanajiachia yenyewe. Yakiwa mazito sana daktari anaweza kuandika mafuta yaliyochanganywa na yurea au asidi ya salisiliki, kwa kipimo na kwa sehemu maalumu. Kichwani, mafuta ya nazi ya vuguvugu yanayolala na kofia laini hadi asubuhi, kisha kitana chenye meno mapana. Msusi mwambie asibane. Atanuna.

Anayetaka kufaulu hatuko naye katika mwongozo huu, lakini tumchungulie kidogo ili tujue cha kuepuka. Anaoga kwa dakika chache, sabuni hasa anaipeleka kwapani na mahali pengine panapoihitaji. Anajikausha kwa kujigusagusa na kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, hajifuti kwa kusugua. Ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, kabla ya kujibu ujumbe wa mtu, anachota mafuta kwa kijiko na kuyaweka kwenye kiganja. Hazamishi vidole ndani ya ndoo, kwa sababu vidole vinaingiza vijidudu. Anayapasha moto kwa viganja viwili. Anayaweka kwa vitonge kwenye paja, kisha anayateleza kwa kushuka chini, kuufuata mlalo wa malaika. Hapandishi na kushusha, kwani kufanya hivyo kunaziba vinyweleo na kuleta vipele. Ngozi inabaki inang'aa. Anakaa hivyo, amevaa fulana ya zamani, kama nusu saa, ndipo anapaka dawa kwenye mabaka peke yake, ili dawa isitawanywe na mafuta hadi mahali isipotakiwa. Mchana anarudia mafuta mikononi na viwikoni. Inachosha kuisoma, na kuifanya kunachosha zaidi, na ndiyo maana wengi wenye ndoo wana redio bafuni.

Kwenye mavazi mgeni hahitaji msaada wangu: shati jeusi siku ya mkutano, sufu juu ya ngozi tupu, shuka jeupe jipya. Kwenye ndoa pia nitapita haraka. Mafuta ya mgando, ya nazi na mengine ya aina hiyo hudhoofisha kondomu za mpira wa kawaida, na soriasisi hufika sehemu za siri mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Vaa kimoja, paka kingine, kisha shangaa.

Jambo moja silifanyii mzaha. Nguo, shuka na bandeji zilizonyonya mafuta hushika moto haraka na kuwaka kwa nguvu, hata kama mafuta hayo hayana asili ya petroli. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo hilo mwaka 2018 baada ya watu kufa kwa kuungua, na huko wengi walikuwa na sigara tu. Sisi tuna jiko la mkaa, kibatari, mshumaa umeme ukikatika, na dawa ya mbu ya kuwasha inayofuka chini ya kitanda. Kufua hupunguza mafuta kwenye kitambaa lakini hakuyamalizi. Aliyejipaka asiiname juu ya moto akiwa na kitenge kilicholowa mafuta, wala asilale karibu na kitu kinachowaka. Bafuni nako sakafu ya vigae iliyodondokewa mafuta huangusha watu. Mwagia maji ya moto na sabuni baada ya kutoka.

Tumebakiwa na hatua moja, nayo ni kuyategemea mafuta kwa kila kitu. Ukiamka vidole vimekakamaa mpaka huwezi kufunga vifungo vya shati, jipake mafuta. Kucha zikiwa na vishimo vidogo vidogo au zikinyanyuka kutoka kwenye nyama, jipake mafuta. Mgonjwa anayejali angejua kwamba soriasisi huingia kwenye maungio ya mifupa kwa baadhi ya watu, na maungio yakishaharibika hayarudi. Angempelekea daktari pia orodha ya vidonge anavyomeza, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, dawa ya lithiamu, na hata klorokwini tuliyoimeza miaka mingi kwa malaria, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Angeomba apimwe virusi vya Ukimwi kama soriasisi imemlipukia ghafla na kwa ukali, kwani wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza. Na ngozi karibu yote ikiwaka na kuvimba huku anatetemeka kwa baridi, asingengoja asubuhi.

Madaktari wa ngozi ni wachache, hilo ni kweli. Moshi, pale KCMC, kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho tangu 1992 kimekuwa kikiwafundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wako kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Uliza hospitali ya mkoa wako siku ya kliniki ya ngozi ni ipi. Foleni itakuwa ndefu, nenda umekula.

Na wewe ambaye tayari una tyubu mfukoni, uliyonunua kwa ajili ya wiki moja na sasa ni mwezi wa nne, usiikatishe usiku huu kwa sababu umesoma makala. Ipeleke kliniki ikiwa ndani ya boksi lake, mwambie daktari unapaka wapi, mara ngapi na tangu lini, na umwachie yeye akupangie namna ya kuipunguza.